Mita Kumi na Nane

Koplo Irungu alikuwa ameshaifunga kesi kabla chai ya saa nne haijachemka. Alikuwa na maiti, alikuwa na mshukiwa ndani ya seli, na mezani alikuwa na kipande cha bomba la chuma, urefu wa mkono, alichokitoa kwenye karakana ya mshukiwa huyo. Kipande hicho alikiita bunduki. Jana jioni alikiita hivyo kwa shaka kidogo. Leo asubuhi shaka ilikuwa imemtoka kabisa.

"Saa tisa tunamsimamisha kortini, madam," alisema. "Masaa ishirini na nne yanaisha hapo. Kila kitu kiko sawa."

Inspekta Wangoi hakupenda vitu vilivyo sawa. Miaka kumi na sita ya upelelezi ilikuwa imemharibu hivyo. Hata nyumbani, akiambiwa ugali umeiva, anaonja kwanza.

"Nisomee tena," alisema.

Irungu akasoma. Jana, Jumatano, saa nne na robo asubuhi, Mukhwana, muuza maji wa Laini Saba, Kibera, alikufa mbele ya kibanda chake cha maji. Mlio mmoja mkubwa ulisikika. Kitu kilimpiga kifuani, kikatokea mgongoni, kikatoboa ukuta wa mabati na kukwama kwenye nguzo ya mkaratusi. Majirani wote walisema ni risasi. Saa tisa mchana Irungu akamkamata Shiundu, fundi wa bomba mwenye karakana upande wa juu, karibu na Kambi Muru. Wiki iliyopita Shiundu na Mukhwana walikuwa wametupiana maneno mbele ya watu, Mukhwana akisema bomba lake linaziba kila mwezi kwa sababu fundi ni bure kabisa.

"Watu wakitukanana Kibera tunaokota maiti?" Wangoi aliuliza. "Basi tungekuwa tumebaki mimi na wewe."

"Lakini hao wengine hawana bunduki, madam."

"Nipe hiyo risasi."

Irungu akamsukumia mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na chuma cha mviringo, kifupi kuliko kidole gumba, kinene kama sarafu kubwa. Kilikuwa kimechongwa mifereji miwili kukizunguka, na katika kila mfereji kulikuwa na pete ya raba ya bluu, ile raba ya patapata. Ncha moja ilikuwa imebonyea kidogo. Kazi ilikuwa safi. Mtu aliyetengeneza kitu hiki aliipenda kazi yake.

Wangoi alitoka na mfuko, akavuka barabara hadi kwenye bucha, akauweka juu ya mizani. Mwenye bucha alichungulia.

"Madam, hiyo ni nyama gani?"

"Ya kiuno. Inasema ngapi?"

"Gramu mia moja tisini na tano."

Aliporudi alimkuta Valary, mke wa Shiundu, amesimama kaunta. Alikuwa ameketi pale benchini tangu saa kumi na mbili, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, kitambaa cha kichwa kimefungwa upandeupande, mkate mkononi.

"Madam, sio yeye," alisema Valary. "Nakuambia ukweli wa Mungu, sio yeye."

"Kila mke husema hivyo."

"Mimi sisemi vile wao husema. Sio yeye. Hata bunduki hajui inashikwa wapi." Akainua mkate. "Nimpelekee tu hii. Ningemletea chapati zangu, lakini leo kufuli ya kibanda imekataa, ufunguo hauzunguki. Unga uko ndani, jiko liko ndani, kila kitu. Siku ikiamua kukukalia vibaya, inakalia kila mahali."

"Mpe koplo, atampelekea."

"Mtamwachilia leo?"

"Akiwa hana makosa."

"Hana," Valary alisema. "Sio yeye, madam."

Wangoi alimtazama kidogo, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

"Irungu, risasi ya bastola yako ina gramu ngapi?"

"Nane."

"Hii ni kama risasi ishirini na nne zimefungwa pamoja. Sasa niambie, ni nini kilisukuma uzito huo ukapita kwenye mtu mzima, ukapita kwenye mabati, ukazama inchi mbili ndani ya mkaratusi?"

"Baruti. Alitia nyingi."

"Baruti za kusukuma chuma hiki hivyo zingepasua hicho kibomba chako mikononi mwake, na tungekuwa na maiti mbili. Tazama raba. Imeungua?"

Irungu akatazama. "La."

"Nusa."

Irungu alinusa bila raha. "Inanuka mtaro."

"Inanuka tope na kutu. Na shati la marehemu lilikuwa na nini?"

"Damu, madam. Na tope. Lakini Kibera nani hana tope?"

"Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

Irungu alifikiri. "Kama wiki tatu."

"Basi," alisema Wangoi, "tope lilitoka wapi?"

Alimwendea Shiundu seli. Fundi alikuwa ameketi sakafuni, mikono mikubwa imelala magotini. Mkate wa mkewe ulikuwa kando yake, haujaguswa.

"Jana saa nne ulikuwa wapi?"

"Karakana."

"Ukifanya?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

Wangoi akamwonyesha kile chuma. Hapo ndipo alipoona kitu alichokiweka akilini: Shiundu hakushtuka kama mtu aliyefumaniwa. Alikunja uso kama fundi aliyeletewa spea ya gari asilolijua.

"Hii ni nini?" Shiundu aliuliza.

"Nilitaka uniambie wewe."

"Sijawahi kuiona." Kisha akainamisha kichwa haraka, na Wangoi akajua kwamba jambo hilo lilikuwa kweli na kwamba kulikuwa na jingine alilokuwa akilificha. Kuna watu uongo haukai vizuri mwilini mwao. Unawatoa jasho.

Ofisini Irungu alikuwa amekumbuka kitu. Bomba la Mukhwana lilipita kwenye ploti ya hapo Kibera ya mzee mmoja anayeishi Kawangware, Gachanja, na mwezi uliopita Gachanja alikuja Kibera mwenyewe, akaapa mbele ya watu kwamba ataliziba.

"Na hilo hukuliandika?" Wangoi aliuliza.

"Madam, nilikuwa na bunduki tayari."

Wangoi alichukua funguo za gari.

Walimkuta Gachanja upande wa Riruta, akisimamia wajenzi wanaomwaga zege. Alikuwa mzee mnene wa suti ya kahawia na gambuti, na alizungumza kana kwamba polisi ni wapangaji wake.

"Nilisema nitaziba, ndio," alisema. "Yule mtu alipitisha paipu kwa ploti yangu bila hodi. Ningenyamaza?"

"Na ukaiziba?"

"Sijaiziba. Nilimpeleka kwa chifu."

Wangoi akamwonyesha chuma. Gachanja alikishika, akakipima kiganjani, akakirudisha.

"Mama, mimi nimezibia watu paipu tangu hujazaliwa. Unachukua kipande cha mti, unachukua nyundo, umemaliza. Nani anapeleka kazi ya kuziba kwa mtu wa kukereza chuma? Hii haijatengenezwa ikae. Hii imetengenezwa ipite."

Wangoi hakupenda kufunzwa kazi na mshukiwa, lakini alichukua maneno hayo hivyo hivyo.

"Kawangware nani anaweza kukereza hivi?"

"Ni Kyalo tu. Yuko pale nyuma ya kanisa."

"Kwa ploti ya nani?"

Gachanja alikohoa. "Yangu."

"Hii dunia ni ndogo, mzee."

"Kawangware ndiyo ndogo," alisema Gachanja. "Na nusu yake ni ya babangu. Sasa kila mkipata maiti mtanijia?"

Kyalo alikuwa kijana wa miwani minene iliyofungwa kwa waya, na mashine yake ya kukereza ilikuwa kuukuu lakini inang'aa. Wangoi aliweka chuma mbele yake. Kyalo alitabasamu mara moja.

"Hii ni yangu! Imefanya kazi?"

"Imefanya," alisema Wangoi. "Imeua mtu."

Tabasamu lilikufa. Kyalo alivua miwani, akaivaa tena, akaketi juu ya ndoo.

"Nani?"

"Mukhwana, wa maji."

"Lakini ni yeye mwenyewe aliitaka! Jumatatu alikuja hapa. Alisema paipu yake inaziba kila mwezi, fundi anaweka upepo, upepo unapitia katikati ya tope, tope linabaki ukutani. Alitaka kitu cha kukwangua. Kifagio cha paipu. Mimi nikachora, nikakereza, nikaweka raba upepo usivuje. Unakiingiza huku, upepo unakisukuma, kinatoka kule na uchafu wote."

"Ni nani mwingine alijua?"

"Hakuna. Aliniapisha. Alisema atakiingiza mwenyewe asubuhi kabla fundi hajafika. Fundi akijua leo, wiki ijayo kila mtu wa maji Kibera atakuwa nacho."

Irungu alimtazama Wangoi. Wangoi alikuwa akimtazama Kyalo.

"Ulimwambia atumie upepo kiasi gani?"

"Kidogo! Nilimwambia mbili kwenye geji ya kompresa. Ikizidi sana, tatu. Na mtu asisimame mbele."

"Na kama fundi hakujua kuna chuma? Akidhani ni tope tu limekataa kutoka?"

"Ataongeza. Atangoja kompresa ijae upepo. Hizi za hapa zinafika nane."

"Na ikifika nane?"

Kyalo aliokota chaki, akachora duara sakafuni. "Nane inasukuma hiki chuma kama kilo arobaini zimekaa mgongoni mwake. Sasa kilo arobaini si kitu, hata mimi nabeba. Lakini madam, ukirusha jiwe, mkono wako unalisukuma mita moja tu, kisha umeliachilia, limebaki na nguvu ya mkono wako tu. Chuma kikiwa ndani ya paipu hakiachiliwi. Kila mita kinasukumwa tena, kila mita kinaongezwa mbio, mpaka mwisho wa paipu. Na nguvu yote iliyoingia njiani inatoka nacho." Alivuta mstari mrefu kutoka kwenye duara, mpaka ukutani. Irungu akamtajia bunduki aliyoikamata. "Hiyo ni ya urefu gani?" Kyalo aliuliza.

Irungu akaonyesha kwa mikono miwili.

"Na hiyo haiwezi hata kidogo. Ingemwumiza tu mbavu. Paipu ya Mukhwana ni mita ngapi?"

"Sijapima," alisema Wangoi.

"Kapime."

Walirudi kituoni. Irungu akasema polepole, "Kwa hivyo ni ajali."

"Nani amesema?"

"Marehemu aliingiza chuma mwenyewe, akaficha mwenyewe. Fundi hakujua. Si ajali hiyo?"

"Kwa nini fundi ananidanganya, basi?"

Saa saba na nusu Wangoi alikaa sakafuni mwa seli, kando ya Shiundu, jambo ambalo Irungu alisema si utaratibu.

"Ulitia upepo ngapi?" aliuliza.

Shiundu aliziba uso kwa mikono.

"Nane," alisema. "Ilikataa kwa tano, ikakataa kwa sita. Nikangoja ijae. Kisha ikaachilia, nikasikia mlio kule chini, nikasikia watu wanapiga nduru. Nilizima, nikaficha kompresa kwa gunia. Sikujua nimefanya nini, lakini nilijua ni mimi. Tope haliui mtu, madam. Usiku kucha najiuliza, tope linauaje mtu?"

"Si tope." Wangoi akamweleza chuma, kwa maneno machache. Shiundu alisikiliza akiwa ameacha mdomo wazi.

"Mukhwana," alisema. "Si angeniambia tu! Tumefanya kazi miaka sita. Si angeniambia!"

"Ulijuaje wakati wa kufungua upepo? Kutoka kwa karakana huoni kibanda chake."

"Hatuonani. Nyumba zimejaa katikati, na kompresa ikinguruma simu husikii. Tunagonga paipu. Mtu wa mbele anagonga, wa nyuma anashika paipu kwa mkono, anasikia. Moja ni ngoja. Mbili ni funga. Tatu ni watu wametoka mbele, fungua."

"Na jana?"

"Nilipigiwa tatu." Shiundu alimtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Nakuapia, madam. Mkono wangu ulikuwa kwa paipu. Tatu. Singefungua bila tatu."

"Aliyepaswa kugonga ni nani?"

"Yeye mwenyewe. Huwa anagonga yeye, kwa spana yake."

Wangoi alisimama, akajipangusa vumbi.

"Irungu, huyu haendi kortini mpaka nipige simu."

"Madam, saa tisa..."

"Mpaka nipige simu."

Alishuka Laini Saba peke yake. Kando ya reli biashara zilikuwa zimerudi kama kawaida, maana watu lazima wale: nyanya zimepangwa mafungu, fundi viatu anagonga soli, redio tatu zinashindana. Kibanda cha Mukhwana tu ndicho kilikuwa kimefungwa, utepe wa polisi umekizunguka, na mbele yake mitungi mitupu ilikuwa imeachwa kwenye foleni, kila mmoja na alama ya mwenyewe.

Mdomo wa bomba ulikuwa juu kidogo ya goti, umefunguliwa koki. Chini yake kulikuwa na ndoo, imesimama, imejaa tope hadi nusu. Wangoi alichuchumaa alipochuchumaa Mukhwana. Kifua chake kikaja sawasawa na mdomo wa bomba.

Alibaki hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mtu alikuwa akiweka ndoo. Mtu anayeweka ndoo hajamaliza. Mtu aliyeagiza kitu hiki mwenyewe, akaambiwa mtu asisimame mbele, hagongi tatu kisha akarudi kukiwekea kifua.

Alitafuta spana. Ilikuwa ukutani, upande wa pili wa kibanda, imening'inia kwenye msumari wake kwa waya. Karibu na mdomo wa bomba kulikuwa na alama nyingi za kugongwa, miaka na miaka ya kugongwa, na kila moja ilikuwa imeota kutu. Hata moja haikuwa mpya.

Hakuna aliyegonga hapa jana. Lakini Shiundu alisikia tatu.

Wangoi akatoa utepe wa kupimia, akaufunga kwenye mdomo wa bomba, akaanza kupanda nao nyuma ya nyumba. Ilikuwa njia nyembamba ya kupita kwa ubavu, maji machafu upande mmoja, mabati upande wa pili, bomba likienda moja kwa moja bila kona, futi mbili juu ya ardhi. Aliliburuzia kidole. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo alimwuliza kama amepoteza kitu. "Bado sijajua," alimjibu, akaendelea. Mita nne. Mita saba. Mita tisa.

Kwenye mita kumi na moja kidole chake kilisimama.

Alama tatu, zimepangana karibukaribu. Mpya. Bomba lilikuwa la kijivu kila mahali, lakini hapa lilikuwa limekwaruzwa likang'aa, na ndani ya mikwaruzo kulikuwa na rangi nyingine, nyembamba kama uzi. Aliwasha taa ya simu. Rangi ya njano. Shaba.

Spana si shaba. Nyundo si shaba. Alifikiria vitu vya shaba ambavyo mtu wa Laini Saba anaweza kuwa navyo mkononi saa nne asubuhi, na orodha ilikuwa fupi. Ilikuwa na kitu kimoja.

Hakutaka kiwe hicho. Alimaliza kazi kwanza, kwa sababu kazi huanzwa ikamalizwa: akavuta utepe hadi juu, hadi mahali bomba lilipofunguliwa kuungwa na kompresa. Mita kumi na nane kamili. Akaandika. Kisha akarudi hadi mita ya kumi na moja, akapenya kati ya nyumba mbili, akatokea mbele ya kibanda kilichokuwa na alama hizo mgongoni mwake.

Kilikuwa kibanda cha chapati. Mtu alikuwa amekata komeo kwa msumeno, mlango ukawa wazi, jiko limewashwa. Valary alikuwa anasukuma chapati.

"Madam!" Uso wake uliwaka. "Mmemwachilia?"

"Anatoka leo. Hakuwa na bunduki."

Valary aliweka chini mti wa kusukumia, akafumba macho, midomo ikicheza. "Asante. Asante, Mungu wangu. Kaa, madam, nikupe moja ya moto."

Wangoi aliketi kwenye benchi. Kutoka hapo, kupitia dirisha la kuuzia, kibanda cha maji cha Mukhwana kilionekana wazi chini ya njia, na ile ndoo mbele yake.

Kwenye meza, kando ya bakuli la unga, kulikuwa na kufuli. Bado ilikuwa imefungwa, imeshika kipande cha komeo kilichokatwa. Kufuli ya shaba, nzito, ya bei. Kona yake moja ilikuwa imebonyea mara tatu, na katika mibonyeo hiyo kulikuwa na vumbi la kijivu, rangi ya bomba.

"Hii ndiyo ilikataa?" Wangoi aliuliza.

"Ndio hiyo. Jana watu walipoanza kukimbia niliibana tu nikakimbia pia. Leo ufunguo..." Valary akaacha sentensi hapo. Alitazama kufuli. Kisha alitazama viatu vya Wangoi, vilivyojaa tope la nyuma ya nyumba.

Chapati ilianza kuungua. Valary akaigeuza.

"Uliniambia sio yeye," alisema Wangoi. "Mara nne, kama sikosei. Sikukuuliza unajuaje."

"Hukuniuliza."

"Kosa langu."

Valary aliitoa chapati, akaiweka kwenye sahani, akaifunika. Mikono yake haikuwa na haraka.

"Alikuja hapa jana asubuhi," alisema. "Mukhwana. Akaegemea hapo dirishani. Akasema maji yakifunguka leo, niende na mtungi jioni akishafunga, peke yangu. Kwamba maji ni ya wanawake wanaoelewa. Si mara ya kwanza, madam. Ni mwezi wa tatu. Mtungi wangu ukifika mbele ya foleni, maji yanaisha. Natembea mpaka ng'ambo ya reli na mtoto mgongoni. Jana akacheka, akaenda zake, nikamwona amechuchumaa pale mbele ya paipu kuweka ndoo, na kompresa inanguruma kule juu. Kufuli nilikuwa nayo mkononi."

"Ukagonga."

"Kila mtu hapa anajua kugonga. Mimi nimeolewa na fundi. Nilidhani ni upepo na tope. Huwa ni upepo na tope! Nilitaka tope limjae ule mdomo, watu wamcheke, akaoge kwa hayo maji yake. Ni hivyo tu. Kisha nikasikia ule mlio. Nikasema, Mungu wangu, hiyo si tope. Hiyo ni nini? Mpaka sasa sijui hiyo ni nini."

Wangoi alimweleza. Alimweleza chuma na raba na Kyalo na siri ya Mukhwana. Valary alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Kwa hivyo yeye aliingiza," alisema mwishowe. "Mimi nikagonga. Na Shiundu akafungua."

"Ndiyo."

"Na hakuna mmoja alijua ya mwenzake."

"Hakuna."

Valary akachukua kitambaa, akafuta unga mikononi, kidole kwa kidole. Alimwaga maji kwenye makaa, moshi ukajaa kibandani. Alianza kufunga bakuli la unga kwa karatasi ya nailoni ili usikauke, akasita, kama mtu aliyekumbuka kwamba hatarudi kuupika, kisha akaufunga hivyo hivyo.

"Kwa nini hukumwambia mumeo?" Wangoi aliuliza. "Miezi mitatu."

"Unamjua Shiundu, madam? Umeona mikono yake? Ningemwambia, angefanya nini?"

Wangoi aliikumbuka ile mikono mikubwa, imelala magotini.

"Angemuua," alisema Valary. "Basi ndio maana sikumwambia."

Akaichukua kufuli mezani kwa mikono miwili, akampa Wangoi. Ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana. Wangoi akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaandika saa. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi, na simu yake ililia. Alikuwa Irungu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa na furaha.

"Madam, nimeona saa zinakwisha na hujapiga, nimeongea na bosi, tumemwachilia. Yuko hapa nje na mkate wake, amekataa kuula. Anauliza bibi yake yuko wapi, anataka kwenda naye nyumbani."